Siku mtoto wa darasa langu aliposema baba yake anaishi kwenye dari (Beni, miaka ya uasi)

Wakuu, heshima zenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani, miaka sasa. Nimesoma nyuzi zenu, nimecheka, nimelia, sijawahi kuandika. Leo nimeamua. Hii si chai, na si stori ya jirani. Ni mimi mwenyewe. Majina ya watoto nimeyabadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kiswahili changu ni cha Congo. Nitajitahidi kuandika ili wote muelewe, lakini watu nitawaacha waseme kama walivyosema. Mkiona "iko" na "batoto", msinitumie marekebisho.

Twende.

Nilikuwa mwalimu wa maternelle, yaani watoto wadogo kabla ya primaire, miaka mitatu hadi mitano. Beni, commune ya Mulekera. Darasa letu lilikuwa depo ya zamani ya kahawa. Kuta zilipakwa chokaa, lakini mvua ikinyesha harufu ya kahawa ilirudi. Watoto waliniita Madame, basi, kama wanavyowaita walimu wote kwetu.

Ilikuwa miaka ya uasi. Nchi iligawanywa vipande, na sisi tulikuwa chini ya waasi. Kisha waasi wenyewe wakagawanyika, kila kundi likawa linaogopa kundi lingine kuliko linavyoiogopa serikali ya Kinshasa. Msiniulize nani alikuwa na haki. Mimi nilikuwa na watoto thelathini na kitu, sufuria moja ya uji wa soya, na bustani ndogo nyuma ya darasa.

Ile bustani ndiyo ilikuwa kalenda yetu. Septemba tunapanda maharage. Novemba tunaokota kumbikumbi baada ya mvua, wengine wanawala papo hapo. Desemba tunang'oa maharage, tunayapiga kwa vijiti, na siku hiyo hakuna masomo mengine. Machi tunapanda tena.

Na kila Jumatatu asubuhi tulikuwa na habari za kwetu. Watoto wanakaa kwenye mkeka kwa duara, kila mmoja anasimama na kuleta habari moja ya nyumbani. Mbuzi imezaa. Bibi amekuja kutoka Mangina na ndizi. Mama mdogo ameolewa. Niliipenda saa ile kuliko zote, kwa sababu hata mtoto mwenye haya alipata sauti pale.

Sikuwahi kufikiri kwamba katika mji kama ule, wakati kama ule, nilikuwa nimetengeneza mtego.

Jumatatu moja ya Desemba, akasimama Kahindo. Miaka mitano, nywele zimesukwa mistari minne, mtoto asiyejua kupunguza wala kuongeza neno. Akasema:

"Mama alizaa mutoto mwanaume. Papa alishuka ku plafond, akamushika, akapanda tena."

Plafond ndiyo dari.

Watoto wenzake hawakuona ajabu. Zaina, mjukuu wa mzee mmoja mwenye malori, akauliza, "Anafanya nini kule?"

"Anaishi."

Na Trésor, aliyekaa karibu naye, akauliza, "Panya iko kule?"

Hapa nisimame kidogo niwaeleze.

Baba yake Kahindo alikuwa mtu wa phonie. Wakati huo simu hazikuwepo, wafanyabiashara walikuwa wanaongea na Butembo, Bunia, hata Kisangani kwa redio ya mawimbi, na yeye ndiye alikuwa na mtambo. Wakubwa wa mji wakamshtaki kwamba anapeleka habari kwa lile kundi lingine la waasi. Mtambo ukachukuliwa. Yeye akatoweka. Mtaa mzima tulijua amevuka kwenda Uganda. Mkewe alikuwa analia sokoni kwamba ameachwa na mimba. Nami nilimwamini.

Na Trésor alikuwa mtoto wa komanda wa waasi haohao waliomshtaki. Baba yake alitoka mbali, mkoa mwingine kabisa, nyumbani kwao wanaongea Kilingala. Walipanga nyumba viwanja viwili kutoka shuleni.

Sasa hesabuni wenyewe.

Wakuu, mdomo wangu ukatangulia. Nikacheka kwa sauti. Nikasema, "Papa yangu mimi iko mu nyungu ya maharagi." Watoto wakaangua kicheko. Nikamuuliza Zaina, papa yako iko wapi? Akasema iko ndani ya kiatu. Mwingine akasema iko mu tumbo ya kuku. Trésor akasema papa yake komanda iko ndani ya sufuria ya sombe, ndiyo kisamvu, na kifuniko kimefungwa. Darasa zima likawa kelele, baba wote wa Mulekera wamejificha vyomboni.

Nilijiona mjanja.

Halafu nikamwona Kahindo. Alikuwa bado amesimama, hacheki. Akasema polepole, "Mimi hapana sema bongo. Papa iko kule kweli." Bongo kwetu ni uongo.

Wenzake wakazidi kucheka. Akakaa chini, akajifunika uso kwa tablier yake, aproni ya shule.

Mtoto pekee aliyesema kweli asubuhi ile ndiye niliyemfanya mwongo mbele ya wenzake. Nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini niliona sina njia nyingine.

Saa sita nikamrudisha Kahindo kwao mimi mwenyewe. Mama yake alikuwa amelala kitandani, mtoto mchanga kifuani. Nilimtuma Kahindo nje, nikamweleza mama yake yaliyotokea.  Aliangalia juu tu.

Na kutoka juu sauti ya mwanaume ikasema, taratibu kabisa, "Madame, asante. Mais," yaani lakini, "ni maneno ya mutoto. Nani atasadiki?"

Nikajibu nikitazama mbao, kama mtu anayeongea na paa. "Papa Kahindo, mimi nilisadiki."

 Mkewe akasema, "Tumupeleke wapi? Kila nyumba iko na macho." Tukaachana hivyo, bila jibu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya uji, mama yake Trésor akafika shuleni.

Mlinzi wake, sisi tunasema garde, alibaki kwenye lango na bunduki. Yeye akaingia na kikapu kana kwamba ameleta chakula cha mtoto. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, ambaye mpaka siku ile tulikuwa tumesalimiana tu. Akajifanya anakagua bustani, tukainama pamoja kwenye mistari ya maharage.

Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kukwama, "Trésor alisema yote ku meza. Papa yake alicheka sana juu ya ile sufuria. Garde hakucheka. Garde alimuuliza Trésor jina ya ule mutoto mwanamuke."

Nikauliza, "Kwa nini unaniambia?"

Alichuma ganda moja la haragwe, akalifungua, akalitazama.

"Rébellion ya zamani, ile ya baada ya uhuru, mi nilikuwa na myaka kama ya Trésor. Batu na silaha bakakuya kwetu, bakaniuliza na sauti muzuri, papa iko wapi? Nikabaonyesha na kidole. Hatukumuonaka tena."



"Ule mutoto," akaendelea, "musimuache abebe kitu kama ile. Fanya leo. Na mi sikufika hapa kusema kitu."

Akainuka, akaita Trésor, akampa kipande cha mkate, akaondoka na garde nyuma yake.

Wakuu, kuna nyakati mtu anajadiliana na nafsi yake mpaka wakati unapita. Siku ile sikujadiliana. Nilimwachia mama anayepika uji darasa zima, nikamwambia wapige maharage mpaka nirudi, nikatoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Ramazani, babu yake Zaina. Mwislamu, mtu wa malori, mzee asiyependa maneno mengi. Nilimkuta uani, watu wanapakia magunia ya mpunga kwa safari ya Butembo. Nikamwambia yote, bila kuzunguka. Kama angenikatalia, ningekuwa nimekwisha.

Aliendelea kuhesabu magunia. Nilidhani hakunisikia. Kisha akaniuliza, "Ule mutu anajua kufunga kamba?"

"Anajua."

"Gari inatoka saa nane. Convoyeur yangu iko na homa leo." Akamgeukia kijana mzima kabisa aliyekuwa juu ya lori. "Wewe, shuka. Uko na homa. Kwenda kulala."

Kijana akashuka bila swali.

Convoyeur ni yule anayekaa juu ya mizigo na kuilinda. Kwenye barabara ya Butembo kila mtu anawajua watu wale, wamejaa vumbi, wamejifunga kitambaa usoni, hakuna anayewatazama mara mbili. Koti la yule kijana nililipeleka kwao mimi mwenyewe. Papa Kahindo alishuka kutoka dari lake kabla ya saa nane, akalivaa, akapita mtaani na kamba begani mchana kweupe. Mkewe aliniambia baadaye kwamba miguu yake ilikuwa dhaifu, alikuwa amesahau kutembea hatua ndefu. Kwenye kizuizi askari waliomba sigara, yeye ndiye aliyewatupia kutoka juu.

Saa kumi nyumba ikapekuliwa. Walipasua dari lote kwa visu, wakakuta blanketi, sahani na panya.

Naam, Trésor alikuwa sahihi kuhusu panya.

Sasa hapa ndipo sehemu ngumu ya uzi huu. Kahindo hakumwona baba yake akiondoka. Nilikuwa nimemwacha shuleni na mama wa uji kupita saa za kawaida. Jioni alirudi akakuta askari wanatoka na dari lipo chini. Mama yake na mimi tulikubaliana tusimwambie kitu, kwa sababu tulijua tukimwambia Butembo, Jumatatu atasimama na kusema Butembo.

Asubuhi iliyofuata yule garde akaja darasani na askari mwenzake.

Nilisimama mlangoni. Nilimwambia, "Bunduki haiingii hapa." Sikupaza sauti. 

Akasema, "Madame, unajua unaongea na nani?"

Nikasema, "Ninajua. Na hawa iko na myaka ine. Iache inje, ao tuongee na komanda, mutoto yake pia iko mu hii salle."

 Kisha akampa mwenzake bunduki, akaingia. Akachuchumaa mbele ya Kahindo, akatoa biskuti mfukoni. Sauti yake ilikuwa nzuri kabisa, na hapo nikamkumbuka mama Trésor.

"Sema, mutoto muzuri. Papa iko wapi?"

Kahindo hakuchukua biskuti. Alimtazama usoni na kumuuliza, "Mulimupeleka wapi?"

Yule mtu akashusha mkono wenye biskuti.

"Plafond yetu mulipasua. Papa hakuna. Mulimupeleka wapi?"

 Garde akainuka, akarudisha biskuti mfukoni, akaniambia, "Hajui kitu." Akatoka.

Kwa baba yake, jibu lile lilikuwa wokovu. Kwa Kahindo lilikuwa kitu kingine. Aliamini askari wamemchukua baba yake, na aliamini wamemchukua kwa sababu yeye alisema. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijumlisha mwenyewe, watoto wanajumlisha vizuri kuliko tunavyodhani.

Akaacha kusema. Si Jumatatu tu. Aliacha kabisa. Anakunywa uji, anachora, anaitika kwa kichwa.

Wazazi wakaniita mkutanoni. Wengi walitaka habari za kwetu zifutwe. Baba mmoja akasema, "Madame, mufundishe batoto kunyamaza. Wakati ni mubaya." Nilimwelewa. Kila nyumba ilikuwa na kitu chake darini.

Nikawaambia hapana. Niliwaambia, nikifundisha mtoto wa miaka mitano kunyamaza, sijui ni mwalimu gani atakayemfundisha kusema tena. Tukabishana mpaka mvua ikatukatiza. Mwisho tulikubaliana kwamba kila Jumatatu mtoto ataanza kwa kuninong'oneza mimi, kisha ndipo aseme mbele ya wote. Iliyo nzito nitabaki nayo mimi. Wengine walitoka wakiguna, wawili walihamisha watoto wao. Sikuwalaumu.

Baada ya wiki mbili dereva wa Papa Ramazani akaleta neno kwamba mzigo umefika vizuri, yuko Butembo, anapanga magunia kwenye depo ya ndugu wa huyo mzee. Hapo mama Kahindo akakubali tumwambie mtoto jambo moja tu, bila mahali.

Nilimchukua nyuma ya darasa. Nikamwambia, "Kahindo, papa yako iko muzima. Basoda hawakumukamata." Basoda ni askari.

Akanitazama. Maneno yake ya kwanza kwa wiki mbili yalikuwa haya:

"Ni muchezo kama ile ya nyungu?"

Wakuu, nimeshapigwa maishani. Hakuna kofi lililowahi kuniuma hivyo.

Nikamwambia hapana, si mchezo. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Basi nikaamua nitasema kila siku. Kila siku baada ya uji nilimwita pembeni, nikachuchumaa, nikamwambia maneno yaleyale. "Papa yako iko muzima. Hii si muchezo. Na wewe hukukosa. Bakubwa njo balikosa," yaani wakubwa ndio waliokosea. Siku ya kwanza alitazama ukuta. Ya pili ukuta. Likizo ya Noeli ilipofika nilikuwa napita kwao kila asubuhi kwa ajili hiyo tu. Mama yake alidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Januari ukuta. Februari kuna siku nilikuwa na malaria, nikaenda nimejifunika blanketi, nikasema, nikarudi kulala.

Sikuwa na mbinu yoyote ya ualimu pale. Nilikuwa na deni la ukweli kwa mtoto, nikalilipa kidogokidogo.

Machi tukapanda tena. Kila mtoto alikuwa na shimo lake. Jumatatu ile, watoto wanakuja kuninong'oneza mmoja mmoja, nikahisi pumzi kwenye shingo, nikageuka, ni Kahindo.

"Mutoto ya kwetu anajua kucheka sasa," akasema.

Nikamwambia, "Waambie."

Akasimama, akawaambia. Trésor akauliza, anacheka nini? Kahindo akajibu, "Anacheka hivihivi." Kisha akakaa na kuendelea na udongo wake.

Nilisogea pembeni kidogo. Nilisema naenda kutazama uji.

Karibu na Pasaka komanda akahamishwa. Mama Trésor alikuja kuchukua daftari za mtoto, garde yuleyule hatua tatu nyuma yake. Nilikuwa na maneno kwa ajili yake. Yalikuwa yaleyale niliyokuwa nampa Kahindo kila siku. Yalikuwa tayari mdomoni. Garde alikuwa anasikia, nikaishia kusema, "Ule mutoto wa maharagi iko muzuri." Akafunga macho kidogo, akasema, "Merci, Madame." Gari likaondoka. Sijui waliishia wapi.

Utawala wa mji ukabadilika tena, kama ulivyokuwa unabadilika. Waliokuja hawakuwa na habari na mtu wa phonie. Mwezi wa sita, Jumatatu, tuko kwenye duara, lango likalia. Mwanaume mwembamba amesimama pale, vumbi la safari kichwani, kofia mkononi. Alikuwa ameshapita nyumbani. Alitaka kumchukua binti yake mwenyewe.

Kahindo alimwona kabla yangu. Nilimsubiri aje kuninong'oneza kama kawaida. Hakuja. Alisimama katikati ya mkeka na kusema mbele ya wote, kwa sauti yake ileile isiyopunguza wala kuongeza neno:

"Habari ya kwetu. Ule ni papa yangu. Amepita ku lango."

Kisha akatembea, hakukimbia, mpaka kwake.

Leo Kahindo ni mama wa watoto wawili, anaishi Butembo. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika. Akaniambia, "Andika, Madame. Mais usiongeze."

Sijaongeza.

Nilichojifunza ni kimoja. Wakati wa hatari tunawapa watoto siri zetu wazishike, kisha zikianguka tunawatazama wao. Mtoto akisema kweli, kazi ya kuhama, kubeba na kuogopa ni ya mtu mzima. Na ukilazimika kumdanganya ili kumlinda, jua utalipa, na ulipe mpaka aseme basi.

Na kama kuna mwanamke humu ndani aliyewahi kuonyesha kwa kidole alipokuwa na miaka mitano, mama, hukukosa. Nilipaswa kusema hivi kwenye lango la shule, nimechelewa.

Walimu wenzangu, na wazazi mliolea kipindi cha vita, nyie mliwaambia nini watoto? Na yule baba aliyetaka wafundishwe kunyamaza, mnaona alikosea au mimi ndiye niliyebahatika? Nipo, nasoma kila jibu.